Stesheni Inaungua

Mzee Shabani wa chumba cha uani ananidai elfu mbili za bodaboda, na sina ubavu wa kumbishia. Kosa ni langu.

Mimi ni fundi baiskeli, Ngamiani. Mpwa wangu Hamza, kidato cha tatu, ana kompyuta ya mezani aliyoiunga kwa vifaa vya mtumba, na humo ndani ana mji. Mchezo unaitwa Minecraft, ulianzishwa na Msweden mmoja, Markus Persson. Kila kitu humo ni matofali ya mchemraba, tofali moja mita moja. Hupewi hadithi ya kufuata. Unachimba, unajenga, unaalika wenzako waingie kwa intaneti mjenge pamoja. Siku nzima ya kule, jua kuchomoza hadi kuchomoza tena, ni dakika 20. Nilipiga hesabu nikaona mkopo wa kausha damu wa siku 30 ungeiva kwa saa 10 tu, nikashukuru Mungu naishi huku.

Hamza na wenzake watatu walikuwa wanaijenga Tanga. Barabara ya Kwanza mpaka ya Nane zilishanyooka, na fahari yao ilikuwa stesheni ya reli: kuta za mbao, sakafu ya mbao, paa la shaba. Karakana yangu, ambayo hao hao wanajaza upepo bure kila siku, haimo. Nikanuna siku mbili. Siku ya tatu nikapewa kiti.

"Sawa, anko, utajenga. Ila kwanza utuchumie nta. Shaba ya humu usipoipaka nta inageuka kijani."

Akanionyesha mti nyuma ya stesheni, mzinga umening'inia, asali inachuruzika. Mara adhana ya magharibi. Akanivalisha hedifoni, akasema, "Usiguse kitu mpaka nirudi," akaenda msikitini. Mimi nikamwambia nakuja nyuma yake. Mungu anisamehe.

Sasa, nyuki mimi nawaheshimu. Mtu wa Tanga asiyewaheshimu nyuki hajui historia. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha hapa maelfu ya askari kutoka India waje kuwang'oa Wajerumani, na katikati ya mapigano nyuki wakawavamia, watu wakatimka. Wazungu wenyewe wanayaita Mapigano ya Nyuki. Na juu ya hapo babu yangu alikuwa mrina asali kule Handeni, nimembebea mwenge tangu sina meno ya mbele. Mzinga haukatwi bila moshi. Hilo halihitaji kompyuta.

Nikafungua sanduku la vijana, nikakuta jiwe na chuma cha kuwashia moto. Nikasimama chini ya mti, nikawasha majani.

Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba kweli nyuki wa humo wanatulizwa kwa moshi, ila ni wa jiko maalumu la kuni ambalo haliambukizi moto. Moto wa jiwe na chuma unatembea. Ulipanda majani ya mti, ukageuka, ukaiona stesheni.

Kassimu, rafiki yake Hamza, alikuwa kwao Makorora, kwenye mchezo yuko mbali ufukweni. Nikamsikia masikioni: "Anko, mbona huko kunawaka?"

"Moto, Kassimu! Stesheni inaungua!"

"Chukua ndoo, anko! Ipo sandukuni! Mwaga maji!"

Ndoo nikaipata, imejaa maji. Nikakimbilia moto, nikabonyeza herufi ya kwanza iliyokutana na kidole. Ilikuwa Q. Q, kwa faida ya msomaji, ni ya kutupa kilichoko mkononi. Ndoo ikaruka kama ilivyo, na maji yake ndani, ikatua katikati ya moto, ikateketea. Mimi nikabaki mikono mitupu natazama ukuta wa chumba cha tiketi ukiondoka tofali moja moja.

"Maji!" nikapiga kelele. "Moto! Leteni maji! Stesheni yote inakwenda!"

Mtu aliyeziba masikio hajui ukubwa wa sauti yake. Nyumba yetu ina wapangaji watano, kuta hazifiki darini, na wote walinisikia vizuri kabisa. Mimi nilichosikia ni Kassimu tu, anaita "Anko! Anko!" Halafu nikasikia baridi. Mama Zubeda alikuwa amenimwagia beseni zima kuanzia utosini, maji aliyokuwa anaoshea dagaa. Kompyuta haikupata tone, shabaha yake ilikuwa mimi.

"Baba Rehema, toka nje, utakufa!"

Nyuma yake mteja wangu mmoja na dumu, nyuma yake watoto na mchanga kwenye makopo. Kijana wa chumba cha mbele, aliyesikia moto akadhani ni shoti ya umeme, akazima swichi kubwa. Giza. Kompyuta ikafa.

Hamza alitukuta hivyo, mimi nina dagaa wawili begani.

"Nini kinaungua?"

"Stesheni," nikasema.

Wapangaji wakatazamana. "Stesheni gani?" akauliza Mama Zubeda, na hapo ndipo mtu akakumbuka Mzee Shabani. Mzee Shabani ni mstaafu wa reli. Aliposikia neno stesheni hakungoja maji wala mchanga, alivaa kofia yake akadaka bodaboda.

Umeme ukarudishwa, Hamza akawasha kwa mikono inayotetemeka. Mchezo ule hujihifadhi wenyewe kila baada ya muda, na kwa kuwa kompyuta ilikatwa ghafla, ulirudi pale ulipojihifadhi mara ya mwisho. Mti mzima. Stesheni nzima. Mimi nimesimama chini ya mzinga, jiwe na chuma mkononi, kama mtu aliyefumaniwa. Hamza alininyang'anya mausi bila kusema neno.

Mzee Shabani akarudi anahema. "Nimefika. Mlinzi anakunywa chai. Nani kasema kunaungua?"

Ikabidi aonyeshwe. Akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akaitazama stesheni ya vijana kwa muda mrefu. Hakuna aliyepumua.

"Treni inaingilia wapi hapa?"

Hamza akamwonyesha.

"Abiria na mizigo yake apite wapi, juu ya paa? Na hii njia ya kupishania mbona inaishia ukutani? Bomoeni."

Kesho yake, saa nne asubuhi, stesheni ilikuwa chini yote. Mzee kakaa kwenye kiti changu, anaelekeza kwa bakora, na karakana bado haimo kwenye ramani.