Nasubiri Mwanga

Mpwa wangu anasoma uuguzi, na tangu aanze, hakuna kiungo cha mwili wangu kilichobaki na amani. Likizo ya Julai alikuja Mafinga akanikuta nasinzia na kikombe cha chai mkononi. Akasema chai haina kosa; kosa ni kuamkia kwenye simu, chumbani, pazia limefungwa.

"Mjomba, toka nje! Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni, ubongo unaacha kutoa melatonini, ile ya usingizi. Na kotisoli, ile ya kukuchangamsha, inapanda yenyewe, inafika kileleni dakika 30 hadi 45 baada ya kuamka."

Jua lenyewe nisilikodolee, nielekee mashariki tu. Hata kukiwa na mawingu, mwanga wa nje unaishinda balbu kwa mbali.

Haya. Ila yeye anasoma Dar, Julai ya huku haijui. Ukungu unalala juu ya mabati, malori ya mbao unayasikia tu huyaoni. Nikajifunga blanketi kuanzia utosini, nikaacha macho peke yake kama nilivyoelekezwa, nikasimama nyuma ya nyumba. Na hapa tuelewane: sikuwa natazama mlango wa bibi jirani. Nilitazama mashariki. Mlango wake ndio uko mashariki.

Bibi akafungua, ndoo mkononi. Ndoo ikaanguka.

"Kamwene," nikamsalimu Kihehe kutoka ndani ya blanketi.

"We nani? Unataka nini kwangu?"

Sasa, ubongo wa mtu aliyetoka kitandani hauwaki wote kwa mpigo. Unaweza kujivuta hata nusu saa. Wangu ukatoa jibu la kwanza ulilolikuta:

"Nasubiri mwanga uniingie."

Alipiga yowe mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakajibu. Majirani wakatoka na mipini ya majembe, mmoja na panga na taulo. Mjumbe akafika amevaa koti la mkewe, lile la vifungo vya waridi, wala hakuna aliyethubutu kumtazama shingoni.

Nikajieleza vizuri kabisa. "Asubuhi naacha kutoa melatonini, halafu kotisoli inapanda."

Bibi akamgeukia mjumbe. "Umesikia? Yanampanda kila asubuhi. Na anayajua kwa majina!"

"Lakini usiku inashuka, bibi."

"Usiku inashukia kwa nani?"

Mwalimu wangu wa mwanga alikuwa bado amelala, pazia limefungwa. Mimi usingizi ulishakatika wote, moyo unadunda. Hiyo ni adrenalini, na haihitaji jua.

Mjumbe akafunga kifungo cha juu, akatoa hukumu. "Kinachotisha ni mtu mzima kusimama bure alfajiri. Shika jembe, upate mwanga wako, hakuna atakayekuuliza."

Bibi akaingia ndani, akarudi na jembe. Kwenye kinyungu chake cha viazi, kile kibustani cha bondeni, akasema, mwanga unafika mapema sana.