Maji Masafi Mno

Siku tisa kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula, wasichana watatu walinifuata mlangoni mwa ofisi ya walimu wakiwa wamebeba boksi. Ndani mlikuwa na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, imejazwa tabaka za kokoto, mchanga na mkaa, na glasi ya maji meusi. Mradi wao ulikuwa chujio la maji. "Mwalimu, tunaomba wiki moja tu." Nikawaambia tarehe ni tarehe. Kesho yake wakarudi na chujio lile lile, safari hii glasi ikiwa na maji yanayong'aa. Nikawapa alama 27 kati ya 30.

Jioni, nikimwaga yale maji ili nirudishe glasi maabara, pua ikanishtua. Klorini, dawa inayotiwa kwenye maji ya bomba. Maji ya matope yameipata wapi klorini? Na hata kama yangekuwa nayo, mkaa ni hodari wa kuondoa harufu hiyo. Walikuwa wamekinga bombani.

Sikuwaadhibu. Nilijiuliza mimi ningefanya nini katika nafasi yao, na jibu sikulipenda. Kosa lao la kwanza lilikuwa dogo: hawakuosha mchanga wala mkaa, na vumbi lake likatoka na maji. Dawa yake ni kupakua kila kitu, kuosha, kupanga upya na kumimina tena na tena mpaka maji yatakate. Ni kazi ya mchana mmoja. Huo mchana hawakuwa nao, kwa kuwa wiki hiyo hiyo walidaiwa ramani ya jiografia, ripoti ya historia na vazi la somo la ushonaji. Kila mwalimu, mimi nikiwemo, alikuwa amepanga tarehe yake kana kwamba somo lake ndilo pekee shuleni.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: mradi wa mwanafunzi usikusanywe karibu na mitihani. Nalisema hili kwa shule zote, lakini shule za wasichana zina sababu za ziada.

Wasichana wengi wamesifiwa usafi wa daftari tangu wakiwa wadogo. Mwenye mwandiko mzuri anajulikana darasa zima. Sasa wape mradi na siku nne: kila mmoja atakimbilia anachokijua tayari. Mwenye mwandiko ataandika, mchoraji atachora maua pembeni mwa manila, na yule mmoja aliyewahi kushika msumeno ataushika tena. Faida kubwa ya shule ya wasichana ni kwamba hakuna mvulana wa kunyakua bisibisi. Lazima msichana aishike, aharibu, ajifunze. Haraka inaifuta faida hiyo. Kinachoniletea meza iliyojaa miradi mizuri ya kutazama ni woga wa kuonekana umekosea, na sisi walimu tunaupa alama.

Halafu kuna jambo ambalo kwenye vikao vya walimu hupitwa kwa kikohozi. Piga hesabu: mzunguko wa siku 28, hedhi ya siku kama tano. Katika chumba chenye wasichana 40, saba hivi wako kwenye siku zao asubuhi yoyote ile ya mtihani. Baadhi wana maumivu ya kukunja mgongo, na msimamizi anawahesabia dakika za kwenda msalani. Hao ndio tuliowafanya wakeshe usiku uliopita wakibandika kokoto kwa gundi.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na mtihani. Mwaka 1890 Philippa Fawcett wa chuo cha Newnham alipata alama za juu kuliko wanaume wote katika mtihani wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Cheo cha mshindi alipewa mwanamume aliyemfuata, na chuo hakikumpa shahada kamili. Cambridge ilianza kuwapa wanawake shahada kamili mwaka 1948, mwaka aliofariki akiwa na miaka 80. Lakini matokeo yalisomwa hadharani, na hakuna aliyeweza kuyafuta. Mtihani una ukali wake wa haki.

Mradi una kazi nyingine, nayo inataka muda. Ann Makosinski wa Kanada alikuwa na miaka 15 aliposhinda katika kundi la umri wake kwenye shindano la sayansi la Google mwaka 2013, kwa tochi inayowaka kwa joto la kiganja. Alisukumwa na rafiki yake wa Ufilipino aliyekuwa akifeli kwa kukosa umeme wa kusomea usiku. Vipande vyake vya kuzalisha umeme vilitoa volti ndogo mno, ikabidi atafute sakiti ya kuipandisha. Angekuwa kwangu, ningemwambia tarehe ni tarehe.

Sasa ofisini kwetu kuna kalenda moja ukutani. Miradi inaanza wiki ya pili ya muhula na kukusanywa wiki nne kabla ya mitihani. Alama 10 kati ya 30 ni za daftari chafu, lile la vipimo vilivyokataa. Mwenzangu wa historia anashikilia kwamba bila presha hawafanyi kitu, na hajakosea kabisa: muhula uliopita makundi mawili hayakuleta chochote. Yalipata sifuri, ambayo angalau ilikuwa sifuri ya kweli.

Wale watatu niliwafungulia maabara siku moja baada ya mtihani wa mwisho. Tukaosha mkaa, tukamimina. Meusi. Tukaosha tena, yakatoka ya kijivu. Mara ya saba yakatoka maangavu, nikawakumbusha kwamba maangavu si salama, na hayo hayanywewi bila kuchemshwa. Mwenye mwandiko mzuri, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, akachukua kalamu.

"Mwalimu, tuandike hii ya saba tu?"

"Zote."