Kiwanja cha Pongwe na Masta ya Ujerumani

Dada yangu ana kiwanja Pongwe, hapa Tanga, na mwanawe ana barua ya udahili kutoka chuo kimoja cha Ujerumani: shahada ya uzamili, uhandisi mitambo, miaka miwili. Mambo hayo mawili yamekaa meza moja tangu mwezi uliopita. Kila jioni nikipita kwao Ngamiani napewa kahawa na swali lile lile: tuuze?

Mtaani watu husema Ujerumani kusoma ni bure, halafu hunyamaza. Ni kweli vyuo vingi vya umma kule havitozi ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na chuo kikuu cha ufundi cha München nacho kimeanza kuwatoza. Kwingine unalipa mchango wa muhula tu. Lakini kabla ya viza lazima uonyeshe fedha za kuishi mwaka mzima zikiwa zimefungiwa kwenye akaunti maalumu: euro 11,904, unazochota 992 kwa mwezi. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni 30. Bure hiyo ina kiwanja ndani yake.

Je, inafaa? Niliwahi kuyaona majibu yote mawili katika mashine moja.

Nilipokuwa idara ya matengenezo, kiwanda kimoja hapa mkoani, tulikuwa na feni kubwa iliyokuwa ikila beringi kila baada ya miezi mitatu. Fundi wetu, mzee aliyeishia darasa la saba, aligusisha ncha ya bisibisi kwenye hauzingi, gamba linaloshika beringi, akaweka mpini sikioni, akafumba macho. "Ya upande wa mota. Haimalizi wiki." Haikumaliza. Tukafunga mpya, naye akatuambia lini tutaifungua tena.

Kisha akaja kijana aliyetoka kuchukua masta nje. Wiki ya kwanza walimcheka kwa jinsi alivyoshika spana. Akaomba kifaa cha kupimia mtetemo, ofisi ikamjibu kwamba bisibisi ya mzee haina gharama. Miezi ikapita, akaazima kifaa kwa rafiki yake Dar. Mtetemo ukaonekana unapiga mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa shafti, dalili kwamba mota na feni haviko kwenye mstari mmoja. Msingi wa zege ulikuwa umezama upande. Tukaweka vipande vyembamba vya bati chini ya miguu ya mota, tukasawazisha, na beringi ile ikakaa zaidi ya mwaka. Mzee alijua ipi inakufa, na kijana alijua kwa nini. Kiwanda kilikuwa kimewalipa wote wawili kwa miezi bila kuwakalisha pamoja.

Wanaotetea kwenda nje watasema: umeona? Nami nakubali, ila kwa sababu tofauti na yao. Somo la mtetemo linafundishwa pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako uhandisi unasomeshwa tangu 1973. Kijana yule hakupata siri yoyote kule. Alichopata ni miezi sita ya kuandika tasnifu akiwa ndani ya kiwanda, kifaa mkononi na msimamizi anayemuuliza kila Ijumaa amepata nini. Kule ni jambo la kawaida kampuni kumpa mwanafunzi wa masta tatizo lake halisi alitatue. Hapa kwetu mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo mara nyingi hutumwa kuleta chai, au hupewa ufagio. Hilo ndilo pengo ninaloliona kubwa kuliko maabara na kompyuta zao.

Wanaopinga nao wana hoja nzito, na mwisho wa kisa unawapa nguvu. Baada ya miaka miwili kijana yule aliondoka. Walikuwa wamemweka ofisini kuandika ripoti za mwezi, na mshahara wake haukumtofautisha na yeyote. Ujerumani inampa mhitimu miezi 18 ya kutafuta kazi baada ya masomo, kwa hiyo anayesoma leo hana haraka ya kupanda ndege ya kurudi. Watu walizoea kuutania mji wetu, waja leo waondoka leo, wakiwasema wageni. Siku hizi naona wanaoondoka ni watoto wa hapa hapa.

Na wanaondoka wakati kazi ya kuumiza kichwa iko mlangoni. Pale Chongoleani ndipo linapoishia bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Mafuta yale yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba la inchi 24 limevishwa povu la kuzuia joto na kuwekewa nyaya za umeme ili mafuta yabaki juu ya nyuzijoto 50. Mwanafunzi wa uhamishaji joto ana darasa zima pale. Ila tusidanganyane: ujenzi hutaka watu maelfu, uendeshaji hutaka wachache, na kwa hao wachache cheti kizuri hakitoshi bila mikono iliyowahi kushika kazi.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Aende, lakini asiende mikono mitupu. Chukua korona, mashine yetu ya kuchakata mkonge, ambayo jina lake lenyewe lilikuja na Wajerumani. Majani yanaingia, magurudumu yenye visu yanaponda, maji yanaosha, nyuzi zinatoka. Katika uzito wa jani, nyuzi hazifiki hata asilimia 5. Mwanya kati ya kisu na kitako chake ukizidi kidogo, nyama ya jani inabaki kwenye nyuzi. Ukipungua, nyuzi zinakatika na kwenda na maji. Hakuna profesa wa Ulaya atakayeamka asubuhi akiwaza mwanya huo, mpaka mwanafunzi amfikishie.

Hata wafadhili wanaonekana kuliona hili. DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili masomo, kwa kozi zake za maendeleo, hutaka angalau miaka miwili ya kazi baada ya shahada ya kwanza. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hutaka miwili pia, na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili. Bodi yetu ya Usajili wa Wahandisi nayo inahesabu miaka mitatu ya kazi kabla ya kukupandisha kutoka mhandisi mhitimu hadi mhandisi mtaalamu. Yaani muda wa karakanani unahesabiwa pande zote, na kiwanja kinaweza kupona.

Dada ana jibu lake. Kusubiri kunataka kuwe na kazi ya kusubiria, na vijana wangapi wenye digrii za mitambo wanaendesha bodaboda? Kozi zile za DAAD hazitaki shahada iliyopita miaka sita, kwa hiyo saa inatembea. Na kama mwanawe angekuwa binti, akaniambia, miaka mitatu ya kukaa nyumbani ingekuwa na wageni wa posa kila Idi. Sikuwa na la kumjibu. Nilimalizia kahawa.

Mpwa wangu amepata nafasi ya kujishikiza katika shamba moja la mkonge njia ya Korogwe, posho yenyewe ya nauli na mchana. Chuo kimemwambia aombe upya mwakani, na hati ya kiwanja bado iko juu ya kabati. Juzi alirudi mikono imebadilika rangi, anajikuna mpaka viwikoni kwa maji ya mkonge.

"Shikamoo mjomba. Una fila geji ya kuniazima? Ya kule imechakaa, namba hazisomeki."

Nikamwambia sina hivyo vibati vya kupimia mwanya. Dada, akiwa jikoni, akauliza hiyo fila geji inauzwa shilingi ngapi.