Kasa Aliyelalia Khanga ya Shangazi

Shangazi yangu ni mtu wa Pangani, na mtu wa Pangani humwambii kitu kuhusu pwani. Alipoteremka garini pale Punaluʻu, kwenye Kisiwa Kikubwa cha Hawaii, akautazama mchanga wote mweusi tititi, akaniuliza, "Nani kamwaga masizi hapa?"

Nikamweleza habari za volkano: lava ikiingia baharini hupoa ghafla, hupasuka vipande vidogo vidogo, mawimbi yakavisaga. Akanisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo," akasema, "tumevuka kilomita zaidi ya 3,500 za maji kutoka California kuja kuona jivu." Minazi ya nyuma ya ufuo ndiyo iliyomtuliza kidogo, japo aliisema haijapaliwa.

Akatandika khanga karibu na maji. Juu yake akaweka mkoba, wenye simu yake, tende, na ufunguo wa gari la kukodi nilioutumbukiza humo mwenyewe. Tukavua ndala, tukaziacha hapohapo, tukaenda kulowesha miguu.

Kugeuka, kasa huyoo anapanda.

Kasa wa Hawaii wana tabia ambayo kwetu hatuijui. Sisi tumezoea kasa anakuja nchi kavu kutaga tu. Hawa huja kuota jua na kulala, tena kwa masaa. Huyu alikuwa mzee wa kilo mia na ushei, gamba lina ukungu wa kijani. Alijivuta hatua moja, akapumzika, akashusha pumzi nzito ya mtu mwenye madeni, akajivuta tena. Akapanda khanga. Akalilalia tumbo mkoba wote, kasia moja akaliweka juu ya ndala zangu, akafumba macho. Upande uliobaki wazi wa khanga ulisomeka vizuri kabisa: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Nilipopiga hatua kumwendea, akatokea babu mmoja mwenyeji, mtu wa kujitolea anayewalinda kasa pale. Kwa upole akanieleza kwamba hawa wanalindwa na sheria ya Marekani tangu 1978. Usimguse, usimsogelee, usimtishe.

"Ataondoka saa ngapi?"

"Akitaka."

Ilikuwa saa saba mchana. Mchanga mweusi unalivuta jua lote, asikudanganye mtu. Gari liko pale naliona, limefungwa, lina maji na kofia yangu, na mimi nimesimama peku nikibadilisha mguu mmoja baada ya mwingine. Watalii wakanipiga picha, labda walidhani nacheza ngoma ya kwetu.

Shangazi yeye alikuwa amekaa kwenye maji ya ukingoni, dira limefura kama puto, raha mustarehe. "Mwanangu, njoo! Maji ya huku yametoka friji!" Kweli, yalikuwa baridi ya kutetemesha. Babu akatuambia ni chemchemi, maji matamu yanabubujika chini ya bahari. Wazee wao walikuwa wakipiga mbizi na vibuyu kuyateka. Shangazi akayaonja, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamtazama kasa kwa muda mrefu na kusema kwamba marehemu babu yake angejua la kumfanya yule, na sufuria gani ingemtosha. Namshukuru Mungu babu wa kasa hakujua Kiswahili.

Saa kumi na ushei, simu ikalia chini ya kasa. Shangazi alikataa katakata kubadilisha saa zake, kwa hiyo simu ilikuwa bado iko Tanga, saa kumi na tatu mbele, na Tanga kulikuwa kunapambazuka. Adhana ya Alfajiri ikatoka tumboni mwa yule mnyama, sauti ya juu kabisa. Watu wakasimama. Mtoto mmoja akamshika mama yake. Ilipofika pale muadhini anapokumbusha kwamba swala ni bora kuliko usingizi, kasa akainua kichwa, akafumbua jicho moja, akaguna, akalala tena.

"Lahaula," akasema Shangazi. "Nawajua wengi wa namna hii."

Magharibi ilikuwa inakaribia kasa alipoamua kurudi majini, bila haraka na bila samahani. Nikarukia mkoba. Tende zimekuwa chapati. Simu nzima. Ufunguo hakuna. Nikapekua, nikakung'uta, nikapiga magoti kufukua mchanga.

Babu naye akatukumbusha tusiondoke na mchanga, ni marufuku, na isitoshe watu husema Pele, mungu wa kike wa volkano, humwandama anayeiba vitu vyake. Sheria hazimtishi Shangazi, lakini mambo ya mizimu anayaheshimu. Akakung'uta khanga, akakung'uta ndala, akanikagua masikio. Kisha akanipa mgongo, akaingiza mkono kifuani kujipangusa, na kitu kikaanguka miguuni pake, kikalia ting'.

Ufunguo wa gari.

"Shangazi!"

"Mikoba inaibiwa," akasema.

"Masaa yote haya nimeungua miguu!"

"Na ningekwambia, si ungenirudisha hotelini?"