Siku niliyojiita Mjerumani kwenye tramu

Mi bana asili ya maneno ishawahi kuniumbua. Ilikuwa St Petersburg, nipo podfaki, ule mwaka wa kusoma Kirusi kabla ya chuo chenyewe, na ticha wetu alikuwa na ugonjwa wa maneno ya kale. Siku hiyo kaandika ubaoni *němьcь, na kinyota mbele, akasema kinyota maana yake hakuna aliyewahi kulikuta limeandikwa, wataalamu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha za Kislavi za leo. Němъ ni bubu, ile -ьcь inamfanya mtu, kama m- yetu tu, yaani Waslavi wa kale mgeni asiyejua lugha yao walimwita bubu. Mi nikabaki hapo hapo kwenye bubu, yaliyofuata sikuyasikia, njaa ilikuwa inauma.

Narudi na tramu, naingiza mkono mfukoni, pochi ipo hosteli. Konda bibi mmoja mnene hivi anakuja na tiketi zake. Nikasema najifanya bubu, yaishe. Nikagusa mdomo nikamwambia kwa sauti (ndio, bubu anaongea, subirini kucheka), "Ya nemets!", yaani mimi bubu, lile neno la ubaoni kwa Kirusi cha leo.

Bibi akaganda. Akanikagua kuanzia nywele za kipilipili mpaka viatu. "Nemets?" Kumbe neno lilishahama zamani, siku hizi ni Mjerumani, basi, na mji wenyewe ndo ule Wajerumani waliuzingira siku 872! Akawageukia abiria: "Posmotrite na nemtsa!" mtazameni huyu Mjerumani, na mimi na aibu zangu zote nikasikia ile e imetoka, nemets imekuwa nemtsa. Hiyo nilikuwa nimeisikiliza darasani siku za nyuma: ь ilikuwa irabu fupi ya kumezwa, ikifuatwa na ь mwenzake inapona inakuwa e, ikifuatwa na irabu nzima inakufa. Imekufa mbele yangu.

Mara mzee mmoja siti ya nyuma akainuka kwa furaha, anajua Kijerumani, akaanza kunimwagia. Kijerumani changu chote ni walichotuachia Tanganyika, shule na hela. Hela ndo hiyo sina, nikasema "shule". "Ah, Schule!" Akamtafsiria bibi kwamba kijana anatoka shule, akanilipia na nauli.

Nikashuka vituo viwili kabla ya changu. Tatizo ruti ile ndo ya darasani, na bibi akiniona tu asubuhi: "Guten Morgen!"