Waacheni dagaa kwenye chanja zao

Siku hizi ukifungua stetasi za WhatsApp za wauza samaki wa Mwanza utakuta dagaa wanaelea kwenye weupe mtupu, hawana chini wala nyuma. Muuzaji amepiga picha Mwaloni, Kirumba, ameiingiza kwenye programu, amebonyeza mara moja na mandhari yote ya nyuma imefutika. Wateja wangu nao wanataka hivyo hivyo: "Dizaina, nitolee hiyo nyuma, ionekane ya kisasa." Kazi ni kazi, naifanya. Lakini kwa dagaa naona tunajiharibia biashara wenyewe.

Mnunuzi aliye Dodoma au Bujumbura hawezi kuwashika wala kuwaonja. Anachotaka kujua kwanza ni walikaushwa wapi. Dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga mpaka kwenye sufuria, uwaoshe utakavyowaosha. Wa kwenye chanja wameinuliwa, upepo unawapitia juu na chini, wanatoka safi, na bei yake muuzaji anaitaja bila aibu. Sasa, ushahidi wa hayo yote uko nyuma ya dagaa: ile miti, ule wavu uliotandazwa, ardhi inayoonekana kwa chini. Ndicho tunachofuta! Halafu mteja anauliza, "Kaka, hawa wa chanja au wa mchanga?" na muuzaji anaanza kuapa.

Sangara vilevile. Ukimkata abaki peke yake, wa kilo 2 na wa kilo 20 watafanana. Mwache mikononi mwa mvuvi.

Tena dagaa hawakatiki vizuri. Programu hizi zimefunzwa kwa picha nyingi mno ili zikisie pikseli, yaani nukta ya picha, ipi ni ya kitu na ipi ni ya nyuma. Mtu mbele ya ukuta, au kiatu juu ya meza, hazina shida naye. Fungu la dagaa lina mikia isiyohesabika, miili inayong'aa kwa mwanga ule ule uliopo nyuma, na mianya midogo kati ya samaki na samaki. Mikia inaliwa, mianya inazibwa, na kingo zinabaki kama zimetafunwa na panya.

Sisemi tusikate kabisa. Sabuni, chupa ya asali, nembo, picha ya mhubiri kwa ajili ya bango la mkutano, hivyo vikate. Ila weka kifutio pembeni, tumia maski, yaani tabaka unalolipaka rangi juu ya picha: nyeusi inaficha, nyeupe inaonyesha, kijivu inaacha nusunusu. Ukizidisha unapaka tena, picha yenyewe haijaguswa. Hicho kijivu ndicho kinachookoa nywele, hasa afro na vinyweleo vya pembeni mwa rasta. Kuipa kila pikseli kiwango chake cha uwazi ni wazo la wataalamu wa michoro ya kompyuta Alvy Ray Smith na Ed Catmull, la mwishoni mwa miaka ya 1970, na leo unalipata bure ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha. Rudisha na kivuli chini ya kitu, la sivyo kitaonekana kinaning'inia. Kisha hifadhi kwa aina ya faili iitwayo PNG, kwa sababu ile ya JPEG haibebi uwazi, na ukiituma WhatsApp itume kama faili, si kama picha.

Kwa dagaa, kazi ifanyike kabla ya kupiga. Nenda asubuhi jua likiwa bado la pembeni, ondoa ndoo na kandambili, inama mpaka simu iwe usawa wa chanja. Nyuma ikisumbua, ififishe kidogo, inatosha.

Mteja akishikilia weupe wake namtengenezea zote mbili, ya weupe ikae juu ya bango na ya chanja ifuate kwenye stetasi. Bei yangu ni ile ile.