Bei haipangwi jukwaani

Kila nikimsikia kiongozi anatangaza bei ya zao mbele ya umati, nakumbuka korosho za 2018 na hasira inanipanda upya. Sisi wa Kusini mwa Tanzania hatujasahau. Yaliyotupata msimu ule hayakuletwa na ukame wala ugonjwa wa mikorosho wa ubwiriunga. Yalitoka maofisini.

Msimu wa 2017/18 korosho ghafi ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na watu walijenga na kusomesha. Oktoba 2018 wanunuzi wakaja minadani na bei zisizofika 3,000. Wakulima wakazikataa, na walikuwa na haki ya kuzikataa. Lakini bei ya dunia ilikuwa imeshuka, na wanunuzi wanaopeleka mzigo India na Vietnam waliijua hali hiyo kabla hata sanduku la zabuni halijafunguliwa. Serikali ilikuwa wapi miezi yote ile ya nyuma? Nani alikuwa kazi yake kufuatilia soko la Vietnam na kuwaambia vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima mapema kwamba mwaka huu mambo si kama ya mwaka jana?

Jibu tulilopata ni kutumbuliwa kwa mawaziri wawili, wa kilimo na wa viwanda na biashara. Kisha, tarehe 12 Novemba, Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 na jeshi litazisomba. Vijiji vilishangilia, na sikatai kwamba nia ya kumlinda mkulima ilikuwepo. Malori ya JWTZ yakaja, maghala yakajaa. Ukaanza uhakiki: mwenye mzigo mkubwa aonyeshe shamba lake, isije ikawa ni mtu wa kangomba, yule mlanguzi anayenunua korosho za wakulima kwa bei ya kutupa nje ya mfumo rasmi. Miezi ikapita. Wapo waliovuka mwaka bila kulipwa, na msimu wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, ukakaribia hawana hata ya kununulia mfuko mmoja.

Amri ya Ikulu inamfunga mtu wa Masasi. Mbanguaji wa Vietnam haimhusu. Yeye ana bei yake, na akijua kwamba umejaza maghala na huna pa kuupeleka mzigo, atakusubiri tu mpaka ulegee.

Januari 2019 ukasainiwa, mbele ya kamera, mkataba wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000 kwa shilingi bilioni 418. Gawanya mwenyewe: ni shilingi 4,180 kwa kilo. Wafanyabiashara waliozoea korosho miaka yote walikuwa wameshindwa kufika 3,000 mnadani miezi mitatu kabla, halafu anatokea mnunuzi asiyejulikana kwenye biashara hiyo anaahidi zaidi ya 4,000, na wakubwa wanakaa mezani kusaini. Hesabu hiyo ilitosha kumshtua karani wa ghala. Korosho hazikununuliwa, mkataba ukafa, na mpaka leo mwananchi hajaelezwa kinaganaga nani aliichunguza kampuni ile na alichunguza nini.

Inauma zaidi ukikumbuka kilichotangulia. Juni 2018 Bunge lilibadilisha sheria, na ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje, iliyokuwa ikirudi kwenye zao lenyewe kwa pembejeo na utafiti, ikaelekezwa yote Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini walipiga kelele hadi wakaonekana wakorofi. Kwa hiyo zao lilinyang'anywa akiba yake miezi michache tu kabla halijaanguka.

Na hatukuwa na kisingizio cha kushtukizwa, kwa sababu mbaazi zilishatuonya. Julai 2016 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alizuru Msumbiji na siku chache baadaye akafika Dar es Salaam. Msumbiji walitoka na hati ya makubaliano yenye viwango vya tani za mbaazi ambazo India itanunua kila mwaka. Sisi tulitoka na maneno mazuri ya ushirikiano. Agosti 2017 India ikaweka ukomo wa tani 200,000 kwa mbaazi zote zinazoingia nchini mwake, na mzigo wa Msumbiji ukabaki na mlango wake pembeni kwa sababu ya ile hati. Hata kwao bei iliyumba, lakini mlango ulikuwepo. Kwetu mbaazi ziliporomoka kiasi kwamba wapo walioziacha shambani, maana gharama ya kuvuna ilizidi bei. Malawi nao walipata hati yao mwaka 2021, tani 50,000 kwa mwaka.

Nitaambiwa siku hizi mambo yamebadilika, na mfano utakuwa Aprili 2025, Tanzania ilipozuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, na zuio likaondolewa baada ya siku chache tu mazungumzo yalipoanza. Nilifurahi kuona tuna meno. Ila ndizi zetu zilikuwa zimefungiwa Afrika Kusini kwa miaka, na Malawi walikuwa wameshazuia mchele na tangawizi zetu tangu Machi. Kama simu na barua za siku chache ziliweza kulegeza mambo, basi mkulima wa ndizi wa Rungwe anastahili kujua kwa nini zilisubiri hadi iwe vita.

Mbaazi zinaingia sokoni katikati ya mwaka, korosho zinafuata Oktoba. Kabla ya hapo nataka mawaziri wa kilimo na biashara waje Mtwara na Lindi wakae na viongozi wa vyama vya msingi, mlango ukiwa wazi, wajibu: India itaendelea kupokea mbaazi bila ushuru hadi lini? Tunayo hati iliyosainiwa yenye idadi ya tani, au bado tunategemea hisani? Na bei ya korosho ikishuka tena chini ya gharama za mkulima, fedha za kumshika mkono ziko kwenye mfuko gani, na nani anasaini zitoke?